Tuta la Reli ya Kusini: Njia ya Miguu na Baiskeli Inayosubiri Kuokolewa

Na Afisa Habari, Kitangari

Msimu wa korosho unapofunguliwa, barabara za Kitangari hujaa baiskeli. Wenye baiskeli hizo, hata hivyo, ni wachache tu wanaokuwa wamezipanda. Wengi huzisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia lililofungwa kwa kamba za mpira juu ya keria, wakitoka mashambani kwenda kwenye ghala la chama cha msingi. Asubuhi barabara hiyo hiyo hutumiwa na wanafunzi, akina mama waliobeba kuni na ndoo, bodaboda, na malori yanayokwenda kuchukua mzigo wa mnada. Kila mmoja hutafuta upenyo wake pembeni ya barabara, na asiye na injini ndiye anayepisha.

Makala haya yanaeleza njia ya aina nyingine, ambayo katika nchi nyingi hujengwa kwa ajili ya watu wasio na injini: njia ya lami inayopita juu ya tuta la reli iliyoachwa, yenye miti pembeni, isiyoruhusu gari wala pikipiki. Baadhi ya nchi huiita njia ya kijani. Mikoa ya Lindi na Mtwara bado haina njia ya namna hiyo. Lakini ina kile ambacho ni kigumu zaidi kukipata, yaani tuta lenyewe, na tuta hilo linapungua mwaka hadi mwaka.

Wazee wa Kusini wanaikumbuka reli hiyo. Ilizaliwa na mradi wa karanga, ambao Serikali ya Uingereza iliuanzisha baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula nchini mwake. Maeneo yaliyochaguliwa Tanganyika yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilikuwa mbali na bandari yoyote ya maana na haikuwa na reli, hivyo ikabidi vyote viwili vijengwe. Njia ya kwanza ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikafuata bonde la mto Lukuledi kuelekea magharibi, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1949 ilikuwa imefika Nachingwea. Kisha ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilianza kazi mwaka 1954, na baadaye tawi likafika Masasi. Kutoka Mtwara hadi Nachingwea ni takriban kilomita 210.

Tatizo ni kwamba kufikia wakati huo karanga zenyewe hazikuwapo. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuvunja mradi, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Wataalamu walikuwa wamehesabu matrekta, ekari na tani bila kuuliza vya kutosha kuhusu mvua na udongo, jambo ambalo mkulima yeyote wa Kusini angewaeleza bila malipo. Reli ikaendelea kubeba mizigo michache kwa miaka kadhaa, na mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru, ikafungwa. Reli zenyewe na mataruma vikang'olewa.

Ambacho hakikung'olewa ni kazi ya udongo. Matuta yaliyoinuliwa mabondeni, sehemu zilizochongwa kwenye vilima ili treni ipite bila kupanda, makalavati ya kupitishia maji na nguzo za madaraja madogo, vyote hivi viliachwa mahali pake kwa sababu havikuwa na bei sokoni. Leo sehemu za njia hiyo zimegeuka barabara za vijiji, nyingine zimelimwa, nyingine zimezama vichakani. Anayejua anachokitafuta huweza kuzitambua. Tuta la reli halikunji kona ghafla kama njia ya ng'ombe; hupinda taratibu, kwa upinde mrefu unaoonekana kana kwamba umechorwa kwa kamba. Pembeni mwake mara nyingi huwa na mashimo marefu ambamo udongo wa kulijenga ulichimbwa. Na juu yake, katikati ya nchi ya mchanga mwekundu, utakuta kokoto zenye ncha kali ambazo hazikuletwa na mto wowote.

Siri iko kwenye mwinuko

Ili kuelewa kwa nini tuta hilo lina thamani kwa mtu wa baiskeli, ni lazima kwanza kuielewa hofu ya treni. Gurudumu la chuma likizunguka juu ya reli ya chuma huteleza kirahisi. Ndiyo sababu treni inaweza kuvuta mamia ya tani kwenye tambarare kwa nguvu ndogo, na ndiyo sababu pia hushindwa na mlima ambao mbuzi hauoni kuwa ni mlima. Wahandisi wa reli za mvuke za Afrika Mashariki walijitahidi njia isipande zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo, na mahali pengi ilipanda pungufu ya hapo. Palipokuwa na kilima walikizunguka au walikichonga. Palipokuwa na bonde walilijaza.

Sasa tumchukue mkulima mwenye uzito wa kilo 65, baiskeli yake ya kilo 20 na gunia la korosho la kilo 80. Jumla ni kilo 165. Kwenye barabara inayopanda mita 8 kwa kila mita 100, uzito unaomvuta nyuma ni kama kilo 13, naye hulazimika kuubeba kwa miguu yake kila hatua, juu ya ule msuguano wa mchanga chini ya matairi. Hapo hushuka na kusukuma. Kwenye tuta linalopanda mita 1 kwa kila mita 100, uzito huo haufiki kilo 2. Atabaki juu ya tandiko, akizungumza na mwenzake.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu mtu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu kwa sababu ya ulemavu wa miguu, mama aliyebeba ndoo kichwani, mzee mwenye mkongojo na mtoto anayejifunza kuendesha. Hakuna barabara ya kawaida ya kupanda Uwanda wa Makonde inayowafaa watu wote hao kwa pamoja. Mji wa Newala uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kingo za uwanda huo ni kali karibu pande zote. Watu wa uwanda huu wanajua gharama ya mwinuko kuliko wengi. Kwa vizazi vingi waliishi juu, kwenye udongo mzuri na salama dhidi ya wavamizi, huku maji yakiwa chini mabondeni. Maji yalipandishwa kwa kichwa hadi mitambo ya mradi wa maji wa Makonde ilipoanza kuyasukuma kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari. Pampu iliondoa mzigo mmoja. Mizigo mingine bado inapanda kwa miguu.

Ikumbukwe kwamba reli ya Kusini haikupanda kuja Newala wala Kitangari. Ilikaa bondeni, kaskazini mwa uwanda, kwa sababu ile ile ya kuogopa mlima. Mtu wa Kitangari huikuta baada ya kuteremka kwa barabara ya Mtama. Hivyo tuta hilo haliwezi kumfuta machozi mkulima anayesukuma baiskeli hapa juu. Linalofanya ni kumpa, akishafika bondeni, njia ndefu iliyo karibu tambarare ya kwenda Mtama, Nyangao, Ndanda na Masasi bila kuchangia lami na malori ya barabara kuu ya Mingoyo hadi Masasi.

Wengine walifanyaje

Wazo hili halikuanzia kwenye meza ya wapanga miji. Lilianza kwa watu waliokuwa tayari wanatembea kwenye reli zilizokufa. Nchini Marekani, jimbo la Wisconsin lilianza katika miaka ya 1960 kuigeuza reli iliyoachwa kati ya miji ya Elroy na Sparta kuwa njia ya baiskeli, ikiwa ni pamoja na mahandaki yake marefu. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1979 na 1986, wakazi wa Bristol na Bath, wengi wao wakijitolea kwa majembe na mikokoteni, walijenga njia ya lami ya kilomita 21 hivi juu ya reli iliyofungwa kati ya miji hiyo miwili. Leo ni barabara ya kazini na shuleni kwa maelfu ya watu. Hispania iliunda mpango wa taifa wa njia hizo mwaka 1993. New Zealand ina njia ya Otago ya Kati yenye kilomita 152, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2000 baada ya reli yake kufungwa mwaka 1990. Hiyo si ya lami bali ya changarawe, na vijiji vilivyokuwa vinahamwa vimepata riziki kutokana na nyumba za wageni, migahawa na mafundi baiskeli.

Mfano wa karibu zaidi na nyumbani unafundisha upande wa pili. Zanzibar ilikuwa na reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905 na kutoka mjini kwenda Bububu kwa umbali wa kilomita 11 hivi. Iliacha kubeba abiria mwaka 1922, na baadaye ikakwisha kabisa. Barabara ya magari ilichukua nafasi yake, nyumba zikajaa pembeni, na leo mgeni anayeitafuta huonyeshwa picha za zamani zaidi kuliko ardhi. Hapana ubaya katika barabara. Ila njia tambarare iliyokuwa mali ya umma, ikishakatwa vipande na kugawanywa, haiwezekani kuirudisha kwa bei yoyote ambayo halmashauri inaweza kuimudu.

Hiyo ndiyo hatari inayolikabili tuta la Lukuledi. Thamani ya njia ya reli haiko katika kipande kimoja kimoja. Iko katika mwendelezo wake. Kilomita 20 zisizokatika ni njia. Kilomita 20 zilizokatwa na shamba hapa, nyumba pale na shimo la kokoto kule ni viwanja vyembamba tu visivyo na faida kwa yeyote. Mtu anayechota kokoto za tuta kujengea msingi wa nyumba yake hafanyi jambo baya machoni pake, kwani hakuna aliyemwambia kwamba zina kazi nyingine.

Ardhi ni ya nani, na treni ikirudi je?

Swali la kwanza ambalo kijiji kinapaswa kuuliza ni la umiliki. Kabla ya mpango wowote, ofisi ya ardhi ya wilaya na Shirika la Reli Tanzania (TRC), lililoundwa upya kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017, waulizwe iwapo kipande husika bado kimo ndani ya hifadhi ya reli. Ikiwa kimo, ruhusa ni yao. Ikiwa kimekuwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, na uamuzi mkubwa hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, kinaweza kuliingiza tuta kama njia ya wote, sawasawa na kinavyotenga njia ya mifugo au eneo la chanzo cha maji. Kazi hiyo haihitaji lami wala mkandarasi. Inahitaji mstari kwenye ramani na muhtasari wa kikao.

Watu wengi hudhani kwamba mabaki ya reli yanalindwa kama mambo ya kale. Si hivyo moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda bila tangazo la ziada vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya mwaka 1886. Kilicho kipya zaidi ya hapo hulindwa iwapo Waziri mwenye dhamana atakitangaza. Kalavati la mwaka 1949 ni changa mno kwa sheria hiyo, ingawa kwa kijana wa leo ni la enzi za babu.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo huulizwa kwa haki. Serikali ina mpango wa muda mrefu wa kujenga reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Je, kuligeuza tuta la zamani kuwa njia ya baiskeli si kuifungia reli mlango? Marekani ilikutana na swali hili na ikalijibu kwa sheria mwaka 1983: njia ya reli isiyotumika inaweza kuhifadhiwa kwa kutumiwa kama njia ya miguu na baiskeli, kwa sharti kwamba siku reli ikihitajika tena, ardhi irudishwe. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliithibitisha sheria hiyo. Mantiki yake inaeleweka hata kwa asiye mwanasheria. Njia inayokanyagwa kila siku na wanafunzi hubaki wazi, na anayejenga nyumba juu yake huonekana asubuhi ile ile. Njia isiyokanyagwa na mtu huwa na wenyewe wapya kabla mpima hajafika, na kuwaondoa ni fidia, kesi na uchungu. Kwa maoni ya mwandishi, anayeitaka treni irudi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kutetea baiskeli.

Kuna jambo jingine linalofanya wakati huu uwe muhimu. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi yenye kilomita 210 inajengwa kwa lami: kipande cha Mtwara hadi Mnivata chenye kilomita 50 kimekwisha, na kilomita 160 zilizobaki, kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi, zinajengwa kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni neema kubwa kwa wakulima wa korosho. Lakini lami huleta mwendo kasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 duniani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Mwanafunzi aliyezoea kuendesha baiskeli katikati ya barabara ya vumbi, ambapo gari husikika kutoka mbali na hupita polepole, anahitaji kufundishwa upya jinsi ya kuishi na lami. Vizuri zaidi, anahitaji mahali pake.

Njia ya lami ya baiskeli hujengwaje

Mjenzi akishakabidhiwa tuta, sehemu kubwa ya gharama ya barabara imekwisha kulipwa na waliotangulia: udongo umeshashindiliwa kwa uzito wa treni, vilima vimechongwa, mabonde yamejazwa. Kazi yake ni kusafisha, kusawazisha kokoto zilizobaki, kuongeza tabaka la kifusi kilichoshindiliwa na kumalizia kwa lami nyembamba. Upana wa mita 3 hutosha baiskeli mbili kupishana na mtu wa miguu kupita. Kwa kuwa hakuna lori litakalopita, tabaka halihitaji unene wa barabara kuu. Penye makutano na barabara huwekwa nguzo fupi zinazoruhusu baiskeli na kiti cha magurudumu lakini si gari.

Wapo wanaouliza kwa nini lami, wakati changarawe ni rahisi. Kwa njia ya utalii changarawe yatosha. Kwa njia ya kubebea mzigo katika nchi ya mchanga jibu ni tofauti, maana mchanga ukishafunika changarawe, tairi huzama na faida yote ya mwinuko mdogo hupotea. Si lazima kilomita zote zianze pamoja. Kipande cha kutoka kijijini hadi shule au zahanati ndicho cha kuanzia.

Adui mkuu ni maji. Kalavati likizibwa na takataka, tuta hugeuka bwawa. Mvua kubwa ikija, maji hulipita juu na kulikata kwa usiku mmoja. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichokata barabara kuu mkoani Lindi, kiliwakumbusha wote jinsi maji yasivyoheshimu barabara isiyo na njia ya kuyapitisha. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiria lami, kuzibua makalavati ya zamani ndiyo kazi ya kwanza, na inafanyika kwa jembe na chepe.

Kwa anayetaka kwenda kuliona

Tuta linaweza kutembelewa sasa hivi, kama lilivyo, mradi mgeni ajue kwamba anapita kwenye maisha ya watu. Aripoti kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, aeleze shida yake, na aombe mwenyeji wa kumwongoza. Mwenyeji anajua wapi tuta limekuwa shamba la mtu, wapi daraja limebaki nguzo tupu, na mzee yupi anakumbuka stesheni ilikuwa wapi. Salamu zisipungue. Kipande cha chuma au zege kitakachoonekana kiachwe, picha yatosha.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika. Kila mwezi, hata hivyo, una usumbufu wake. Majani yanapokauka, upupu hupasuka vichakani, na anayepita na kaptula atawashwa hadi ajute. Suruali ndefu na mikono mirefu ni lazima. Huo pia ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kazi inayofanyika alfajiri wakati upepo umetulia. Ukisikia mashine ya kupuliza mbele yako, simama mbali upande upepo unakotoka, na usubiri. Mwenye shamba hatakuona ndani ya lile wingu la njano.

Anayetoka Kitangari akague breki kabla ya kuteremka kuelekea Mtama, na asiziachie baiskeli kasi ya kuwafurahisha watazamaji. Abebe maji lita 3 kwa kila mtu, pampu, viraka na gundi, kwa sababu pancha haina muda maalumu na fundi hayuko kila kijiji. Kutoka Mtama kuelekea magharibi, kingo za Uwanda wa Makonde humfuata msafiri mkono wa kushoto karibu siku nzima. Karibu na Nyangao ni Mahiwa, ambako Oktoba 1917 majeshi ya Uingereza na Ujerumani, yenye askari wengi Waafrika pande zote mbili, yalipigana kwa siku nne vita vya umwagaji damu mkubwa. Mbele ni Ndanda, yenye misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906 na hospitali inayojulikana Kusini nzima. Hapo pana chakula na mahali pa kulala. Anayeendelea hufika Masasi chini ya vilima vyake vya mawe. Mwenye miguu yenye nguvu hufuata njia ya kaskazini hadi Nachingwea, mwisho wa reli, mahali ambapo mashamba ya karanga yalishindwa na ambapo katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO walipata kambi yao ya mafunzo.

Kurudi si lazima iwe kwa baiskeli. Mabasi madogo ya barabara kuu hupakia baiskeli juu ya paa kwa makubaliano na kondakta. Bei iafikiwe kabla ya kufunga kamba. Anayekwenda kwa ajili ya kuandika mahali yalipo makalavati, kama baadhi ya vijiji vinavyoweza kufanya kwa daftari na simu yenye ramani, aende kabla ya Novemba. Mvua za kwanza zikishanyesha, nyasi hupanda juu ya tuta ndani ya wiki mbili, na kalavati lililokuwa wazi mwezi Septemba hutaliona tena hadi mwakani.